Mgombea binafsi bila jimbo: kisa cha Afrika Kusini, 2020 hadi 2024

Tarehe 29 Mei 2024 mpiga kura wa Afrika Kusini alipewa karatasi tatu za kura badala ya mbili alizozoea. Ile iliyoongezwa ilikuwa na jambo ambalo nchi hiyo haikuwahi kuliona katika uchaguzi wa Bunge tangu 1994: pamoja na nembo za vyama, palikuwa na nafasi ya watu waliosimama kwa majina yao wenyewe. Hukumu za Mahakama ya Katiba, sheria mpya iliyosainiwa na Rais, mabishano ya miaka minne, vyote vilikuwa kwa ajili ya watu hao. Nchi nzima walijitokeza 11. Kura zilipomalizika kuhesabiwa, hakuna hata mmoja aliyepata kiti, si katika Bunge la Taifa wala katika mabunge ya mikoa.

Wapo waliosema kwamba hilo ni jibu la wananchi wenyewe: Waafrika Kusini ni watu wa vyama, mgombea binafsi hawamtaki. Sikubaliani nao. Uchaguzi huohuo uliishusha ANC hadi 40% ya kura baada ya miaka 30 ya kupata zaidi ya nusu, na waliojitokeza kupiga kura walikuwa chini ya 60% ya walioandikishwa. Watu waliochoshwa na vyama walikuwepo tele. Kilichokosekana ni jimbo. Sheria ilimruhusu mtu asimame peke yake, kisha haikumpa mahali padogo pa kusimama.

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, neno moja kabla hatujaendelea. Afrika Kusini ina mikoa tisa, kila mmoja ukiwa na bunge lake. Nikisema jimbo, namaanisha kile tunachokijua sisi: eneo lenye mipaka linalomchagua mbunge wake kwa jina. Kwa Bunge la Taifa, kitu hicho Afrika Kusini hakipo.

Kwa nini waliyaogopa majimbo

Ni rahisi kuwalaumu waliokaa mezani Kempton Park mwaka 1993, kwenye mazungumzo ya kumaliza apartheid, wakakubaliana na mfumo wa orodha za vyama. Lakini walikuwa na kumbukumbu.

Mwaka 1948, wakati karibu wapiga kura wote walikuwa Wazungu, nchi ilipiga kura kwa majimbo, mwenye kura nyingi akachukua kiti. Chama cha United Party cha Jan Smuts kilipata karibu nusu ya kura zote. Chama cha D. F. Malan na mshirika wake walipata kura chache zaidi, ila kura zao zilikuwa zimetawanyika vizuri mashambani, ambako sheria iliruhusu jimbo liwe na wapiga kura wachache kuliko la mjini. Malan na mshirika wake wakaondoka na viti 79, Smuts 65. Apartheid iliingia serikalini kwa mlango wa hesabu ya majimbo. Ukiwa umeishi na matokeo ya hesabu hiyo kwa zaidi ya miaka 40, ukaambiwa uchore tena mipaka ya majimbo, utasita.

Tena ilibidi yachorwe na nani, kwa takwimu zipi? Uchaguzi wa Aprili 1994 ulifanyika bila daftari la wapiga kura. Mamilioni ya watu walikuwa hawajawahi kuhesabiwa kama raia, na maeneo yaliyoitwa "nchi huru" za Wabantu yalikuwa ndiyo kwanza yanarudishwa kwenye ramani. Orodha za vyama zilikuwa jambo linalowezekana kwa muda uliokuwepo.

Na ilikuwepo hofu ya vita. Jenerali Constand Viljoen aliwaleta Makaburu wake kwenye uchaguzi dakika za mwisho, na Freedom Front yake ikapata 2.2% ya kura. Kwa majimbo, asilimia hiyo ingeweza kuwa sifuri. Kwa uwiano, yaani viti kulingana na kura, ikawa viti 9. PAC, iliyokuwa na kauli mbiu kali kuliko kura zake, ikapata 1.25% na viti 5. Watu ambao wangeweza kurudi kuchukua bunduki walipewa viti na meza ya kugongea. ANC, yenye 62.65%, ingeweza kujizolea majimbo mengi kupita kiasi hicho, na ilikubali kuacha faida hiyo. Sidhani kama wengi wetu tunawapa heshima yao kwa hilo.

Basi mfumo ukawa huu: wabunge 400, nusu kutoka orodha za mikoa, nusu kutoka orodha ya taifa, viti vikigawiwa kwa uwiano wa kura. Hakuna kiwango cha chini cha asilimia. Unapigia chama, chama kinaleta majina kwa mpangilio wake.

Kalamu ya orodha

Bei ya mfumo huo inaonekana katika kifungu cha 47 cha Katiba: mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza ubunge. Hakuna uchaguzi mdogo. Chama kinateua jina lingine kutoka kwenye orodha yake, maisha yanaendelea.

Hapo ndipo swali la nani ni bwana wa mbunge linapojijibu. Mwandishi wa orodha anaweza kukupa namba ya 12 au ya 212, na anaweza kukufuta. Mpiga kura wa kijijini hana kalamu yoyote. Bunge hutenga siku na fedha kwa ajili ya "kazi za jimbo", na vyama huwapangia wabunge wao maeneo ya kuhudumia, kila chama kwa mgawanyo wake. Eneo moja laweza kuwa na ofisi za vyama viwili vitatu na jingine lisiwe nayo kabisa. Ni jimbo la kugawiwa na bosi, kama mtu anayepangiwa kituo cha kazi.

Ukitaka kuona uzito wa kalamu hiyo, linganisha kura mbili. Tarehe 31 Machi 2016 Mahakama ya Katiba ilisema Rais Jacob Zuma alikiuka Katiba katika suala la fedha za umma zilizotumika nyumbani kwake Nkandla, na kwamba Bunge lenyewe lilishindwa wajibu wake. Siku tano baadaye upinzani ulileta hoja ya kumwondoa. Kura zilikuwa za wazi: 143 ndiyo, 233 hapana. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Agosti 2017, hoja nyingine ilipigiwa kura ya siri. Zuma alipona tena, lakini safari hii kwa 198 dhidi ya 177, na tisa hawakuegemea upande. ANC ilikuwa na wabunge 249, hivyo upinzani wote kwa pamoja ulikuwa na 151. Hata kama kila mpinzani alikuwa ukumbini, angalau wabunge 26 wa ANC walimkataa kiongozi wao mara tu walipohakikishiwa kwamba hakuna atakayejua.

Wabunge walikuwa walewale, chama kilekile, rais yuleyule. Kilichobadilika ni kama mwenye kalamu anaona.

Tume ya Jaji Raymond Zondo, iliyochunguza utekaji wa dola, yaani watu binafsi kuiteka serikali kwa faida yao, ilipofika kwenye sehemu ya Bunge katika ripoti yake ya 2022 ilikutana na tatizo hilohilo, ikapendekeza Bunge litafakari kama wabunge wa majimbo wangeisimamia serikali vizuri zaidi. Kutafakari ni neno laini. Bunge hutafakari mambo mengi.

Sasa, yupo atakayesema: basi mfungueni mbunge minyororo ya chama, tatizo limekwisha. Walijaribu. Mwaka 2002 sheria ilibadilishwa ili wabunge waweze kuhama chama bila kupoteza kiti, katika vipindi maalum. Nani alifaidika? ANC ilishinda viti 279 mwaka 2004. Kufikia mwisho wa 2007 ilikuwa na 297, bila mwananchi yeyote kupiga kura katikati. Wabunge waliachiwa na chama kabla ya kufungwa kwa mpiga kura, wakaenda palipo na malisho. Ruhusa ile ilifutwa mapema 2009, na ilistahili kufutwa.

Kesi

Shirika la New Nation Movement na wenzake walikwenda mahakamani kabla ya uchaguzi wa 2019. Mmoja wa waombaji alikuwa mwanamke kiongozi wa jamii ya Wakhoi, aliyetaka kugombea ubunge bila kupitia chama. Sheria ya uchaguzi haikuwa na mlango wa mtu kama yeye. Mahakama Kuu ya Western Cape ilikataa ombi lao Aprili 2019, uchaguzi wa Mei ukapita, na Mahakama ya Katiba ikatoa hukumu tarehe 11 Juni 2020.

Wengi wa majaji, wakiongozwa na hukumu ya Jaji Mbuyiseli Madlanga, walisema sheria ya uchaguzi ni batili kwa kiasi kinachomlazimisha raia mtu mzima apitie chama ili agombee Bunge la Taifa au la mkoa. Msingi ulikuwa kifungu cha 19(3)(b): kila raia mtu mzima ana haki ya kugombea nafasi ya umma na, akichaguliwa, kuishika. Madlanga aliisoma haki hiyo pamoja na uhuru wa kujiunga na wengine, akasema uhuru wa kujiunga unabeba ndani yake uhuru wa kutojiunga. Kwa Watanzania hoja hii si ngeni, maana Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania nyumbani kwa miaka mingi, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikampa ushindi Juni 2013.

Jaji Johan Froneman hakukubaliana. Kwa maoni yake Katiba imejengwa juu ya demokrasia ya vyama vingi na uwiano, na haki za kisiasa zilizomo kifungu cha 19 lazima zisomwe ndani ya jengo hilo. Hukumu yake imepuuzwa sana na wanaharakati. Nadhani aliona jambo ambalo wengine waliliruka: huwezi kuchomeka mtu mmoja ndani ya hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya orodha, kisha ukategemea hesabu imtendee sawa.

Hukumu ya wengi ilikuwa makini kwa namna yake. Ilisema wazi kwamba kuna mengi yanayosemwa kuhusu mfumo upi ni bora kwa Afrika Kusini, na kwamba mahakama haitaingia huko. Kazi hiyo ni ya Bunge. Bunge likapewa miezi 24.

Kwa hiyo mahakama iliulizwa: je, mtu anaweza kugombea bila chama? Ikajibu ndiyo. Haikuulizwa: je, mwananchi apate mbunge anayemjua na anayeweza kumwajibisha? Magazeti na wanaharakati walizishangilia haki hizi mbili kana kwamba ni moja. Ya kwanza ni ya mgombea, ya pili ni ya mpiga kura, na unaweza kutimiza ya kwanza kikamilifu huku ya pili ikibaki ilipokuwa.

Sheria ya Aprili 2023

Bunge lilichelewa. Muda wa miezi 24 uliisha, likaomba nyongeza, likaomba tena. Waziri wa Mambo ya Ndani aliunda kamati ya ushauri chini ya Valli Moosa, waziri wa zamani, na kamati ikaja na njia mbili: ndogo, ya kuongeza wagombea binafsi kwenye mfumo uliopo, na kubwa, ya kuleta wabunge wa majimbo pamoja na orodha za kufidia uwiano. Serikali ilichagua ndogo. Rais Cyril Ramaphosa alisaini Aprili 2023.

Njia ndogo ilifanya kazi hivi. Viti 200 vya mikoa vinagombewa na vyama na wagombea binafsi kwa pamoja, na kila mkoa ni eneo moja zima. Viti 200 vilivyobaki ni vya fidia kwa vyama peke yao, ili uwiano wa jumla utimie. Gauteng ina viti 47 vya mkoa, KwaZulu-Natal 41, Northern Cape 5.

Sasa chukua nafasi ya mgombea binafsi Northern Cape. Mkoa huo una kilomita za mraba zaidi ya 370,000, mkubwa kuliko Ujerumani, zaidi ya nusu ya eneo la Kenya yote. Watu wametawanyika katika miji midogo iliyoachana kwa saa kadhaa za gari. Anayetaka kuwa "mtu wa watu" huko anahitaji gari, mafuta, mawakala na fedha za kiwango cha chama. Hamia Gauteng: eneo ni dogo, lakini unashindania kura za mamilioni, pamoja na vyama vyenye matangazo ya televisheni. Jirani zako wanaokujua, wale ambao ungewafikia kwa miguu, ni tone.

Halafu ije hesabu ya kiti. Kura halali za kitaifa mwaka 2024 zilikuwa takriban milioni 16. Ukizigawa kwa viti 200 vya mikoa, kiti kimoja kinagharimu wastani wa kura 80,000. Ukizigawa kwa viti vyote 400, kinagharimu kama 40,000. Chama, kwa kuwa kinaokota kura nchi nzima na kinafidiwa na viti 200 vya juu, kinacheza kwa bei ya pili. Mgombea binafsi anacheza kwa bei ya kwanza, ndani ya mkoa wake. Na akitokea mtu maarufu akapata kura za kutosha viti vitatu, anachukua kimoja tu, kwa kuwa ni mtu mmoja. Kura za ziada hazimfuati yeyote aliyemtaka mpiga kura.

Jumuiya ya wagombea binafsi ililalamikia mgawanyo huo wa 200 kwa 200 mahakamani. Tarehe 4 Desemba 2023 Mahakama ya Katiba ilikataa. Siku hiyohiyo, katika kesi nyingine, ilipunguza sharti la saini: sheria ilitaka mgombea binafsi akusanye saini sawa na 15% ya kura za kiti kimoja, yaani maelfu kwa maelfu, na mahakama ikaweka 1,000 kwa muda hadi Bunge lirekebishe. Mlango ukapanuliwa kidogo. Upande wa pili wa mlango palibaki vilevile.

Kesi ya saini ililetwa na One South Africa Movement, vuguvugu la Mmusi Maimane, aliyewahi kuongoza chama cha DA kisha akawa sauti kubwa ya wagombea binafsi. Kabla hata kesi hiyo haijaamuliwa, Maimane alikuwa ameshaanzisha chama, Build One South Africa. Chama hicho kiligombea 2024 na kikapata viti viwili. Sitaki kumcheka. Alipiga hesabu. Aliyewahimiza watu wasimame peke yao aliingia bungeni kwa orodha, kwa kuwa sheria aliyoipigania ilimwonyesha kwamba orodha ndiyo bei nafuu.

Zackie Achmat, mwanaharakati anayejulikana tangu mapambano ya dawa za UKIMWI, alibaki na njia ya peke yake. Aligombea Western Cape, akiwa na jina ambalo vyama vingi vidogo vingelitamani. Hakupata kiti. Kama jina kama lile halikutosha katika eneo lenye ukubwa wa mkoa mzima, la mwalimu mstaafu wa wilayani lingefika wapi?

Upande wa pili wa kisa hiki ni chama cha MK. Zuma alitangaza Desemba 2023 kwamba ataunga mkono chama hicho kipya. Miezi mitano baadaye kilipata karibu 15% ya kura na viti 58. Agosti 2024, wiki chache baada ya kuapishwa, wabunge zaidi ya kumi wa MK waliondolewa na chama chao, nafasi zao zikachukuliwa na wengine. Baadhi walikwenda mahakamani kuomba uamuzi usimamishwe, hawakufanikiwa. Waliowapigia kura hawakuulizwa kitu. Hii ilitokea miaka minne baada ya hukumu iliyosherehekewa kuwa mwisho wa enzi ya vyama.

Lakini kata wanazo

Ajabu ni kwamba Afrika Kusini inaujua mfumo wa kumchagua mtu kwa jina. Katika serikali za mitaa, nusu ya madiwani wa manispaa zenye kata huchaguliwa na kata, mwenye kura nyingi anachukua, na nusu hutoka kwenye orodha za vyama ili kurudisha uwiano. Wagombea binafsi huko hushinda, ingawa ni wachache. Diwani wa kata akifa au akijiuzulu, uchaguzi mdogo unafanyika. Kata ni ndogo, watu wanajuana, mgombea binafsi anaweza kuzunguka kwa baiskeli.

Na hapa lazima niseme lile ambalo wapenzi wa majimbo hawapendi kulisikia. Kata za Afrika Kusini si pepo. Maji yakikatika, nyumba inayochomwa moto na waandamanaji mara nyingi ni ya diwani, ingawa bomba na bajeti viko mikononi mwa watu wengine kabisa. KwaZulu-Natal imezika madiwani na watia nia wengi kiasi kwamba mwaka 2016 iliundwa tume chini ya Wakili Marumo Moerane kuchunguza mauaji ya kisiasa, na sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa ndani ya vyama vyenyewe, kwenye uteuzi wa nani agombee kata. Kiti cha karibu ni mshahara wa karibu na zabuni za karibu. Kalamu haipotei ukileta majimbo, inahamia kwenye kikao cha uteuzi cha tawi, ambako wajumbe ni wachache na bahasha inafika haraka.

Sisi wa Afrika Mashariki tunajua upande mwingine wa ukaribu huo. Mbunge wetu tunamjua kwa jina, kwa gari, na kwa namba ya simu isiyopokelewa. Tunamjua pia kwa michango: msiba, ada, harusi, paa la msikiti. Mbunge asiyetoa haonekani kuwa mbaya wa sheria, anaonekana bahili. Mwafrika Kusini anayeutamani ukaribu wetu angekaa na mbunge mmoja wa Kenya wikiendi moja ya mazishi kabla hajaamua.

Kilichokuwa kabatini

Kinachonikera katika kisa hiki ni kwamba jibu la kati lilikuwepo kabla ya kesi kufunguliwa. Mwaka 2002 serikali iliunda jopo chini ya Frederik van Zyl Slabbert, aliyewahi kuongoza upinzani katika bunge la Wazungu kabla ya kulisusa mwaka 1986. Januari 2003 wengi wa wajumbe walipendekeza nchi igawanywe katika maeneo 69 ya uchaguzi, kila moja likiwa na wabunge kati ya watatu na saba, jumla 300, na wengine 100 watoke kwenye orodha ya taifa ili uwiano usipotee. Wachache walisema mfumo ubaki ulivyo. Serikali ikafuata wachache.

Uzuri wa mpango ule ni kwamba haumlazimishi mtu kuchagua kati ya uwiano na ukaribu. Eneo lenye wabunge watano linaweza kubeba mtu wa ANC, wa DA, wa IFP, na mgombea binafsi ambaye wilaya moja inamwamini. Walioshindwa nao wanabaki na mbunge wa eneo lao, kitu ambacho jimbo la mbunge mmoja haliwezi kuwapa. Mipaka ingefuata wilaya na miji iliyopo, kwa hiyo wachora ramani wangekuwa na nafasi ndogo ya kufanya ujanja wa 1948.

Upungufu wake ni kwamba orodha za vyama katika maeneo hayo zingebaki zimefungwa, angalau kwa kuanzia. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kazi. Mpiga kura akipewa nafasi ya kuweka alama kwenye jina ndani ya orodha ya chama chake, mbunge aliyewekwa namba ya tano anaweza kupanda hadi ya kwanza kwa kura za watu wake, na namba moja wa makao makuu anaweza kuanguka. Ukubwa wa eneo peke yake hauondoi kalamu mikononi mwa chama. Kuna nchi zenye maeneo madogo na orodha zilizofungwa ambako mbunge bado anamtazama katibu mkuu.

Ingawa nimeilaumu sheria ya 2023, ina kifungu kimoja ninachokiheshimu: iliunda jopo la kushauriana na wananchi kuhusu mageuzi ya uchaguzi baada ya 2024. Kwa maneno mengine, Bunge lilipitisha sheria huku likikiri ndani yake kwamba swali kubwa limeahirishwa. Wabunge watakaoamua hatima ya mapendekezo yoyote ni walewale waliofika kwa orodha, na kila mmoja anajua namba yake.

Uchaguzi mkuu unaofuata ni 2029. Slabbert alifariki 2010. Ikifika 2029 ripoti yake itakuwa imekaa kabatini miaka 26.